Mafundo Matatu ya Ngwali

Hapo zamani, wakati milango ikichongwa kwa patasi na ndoa ikivunjika kwa neno moja, aliishi fundi mmoja katika mji wa pwani ambao siutaji, kwa kuwa jamaa zake wangalipo na hawapendi habari hii. Jina lake Ngwali. Kazi yake kuchonga milango. Mikono yake ilitulia. Kichwa chake hakikutulia.

Ukimweleza jambo, alisikia mwanzo wake. Ulipofika katikati, akili yake ilikwisha toka bila kuaga, imekwenda kutazama boriti ya dari au kusikiliza mbuzi wa jirani. Ikirudi, ilirudi na neno, na neno hilo halikujua kungoja zamu. Alilisema juu ya lako. Hakuwa mjeuri, wala hakuwa mjinga. Neno likimjia aliona asipolitoa papo hapo litapotea, na likipotea lilimwachia wasiwasi wa mtu aliyetoka nyumbani akasahau kuzima moto jikoni.

Watu walimpa jina, Hodi-Kwaheri. Akitokea barazani walimwambia, "Karibu Hodi-Kwaheri! Leo utakaa, au umekuja kutuaga?" Akacheka nao, akakaa, na kabla kahawa haijapoa akawa ameinuka katikati ya maneno ya mtu.

Barazani walicheka. Nyumbani hakuna aliyecheka.

Mkewe alikuwa Mwanakheri binti Bwanaheri, na walikuwa pamoja miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo Ngwali alikwisha mwacha mara mbili. Mara ya kwanza Mwanakheri alikuwa akimweleza kwa nini wali umeungua, naye, kabla hajafika kwenye sababu, akasema, "Basi, nimekuacha!" Mara ya pili walikuwa wakigombana juu ya wageni aliowaacha sebuleni peke yao tangu adhuhuri, neno likamtoka tena. Mara zote mbili alishituka kulisikia kama lilisemwa na mtu mwingine. Mara zote mbili alilia, akamrejea mkewe siku ya pili yake. Lakini talaka haisahauliki kwa kuliliwa. Mbili zilikwisha toka. Ilibaki moja, na hiyo ikitoka, hakuna kurejeana.

Ndipo siku moja Mwanakheri akafunga nguo zake katika kanga, akarudi kwa baba yake. Hakupiga kelele. Mlangoni alimwambia mumewe, "Naondoka mapema, Ngwali. Naondoka kabla talaka ya tatu haijakutoka mdomoni wakati unatafuta kitu kingine cha kusema."

Ngwali akamsikia, kwa sababu alisema maneno machache.

Akaenda kwa mkwewe, Mzee Bwanaheri. Alikwenda na rafiki yake Shaali, kinyozi, ili awe shahidi. Walikuta wazee watano wa mtaa wameketi, na mmoja wao alikuwa shehe wa msikiti.

Mzee Bwanaheri akasema, "Mwanangu hataki zawadi, na hataki kuombewa radhi na watu. Anataka jambo moja. Baada ya siku arubaini utakuja hapa, Ijumaa, alasiri. Atasema yaliyo moyoni mwake mbele yetu. Wewe utakaa. Utasikiliza mpaka mwisho. Usimkatize hata mara moja. Akimaliza, utatuambia amesema nini. Ukiweza, yeye mwenyewe ataamua kama..."

"Nitaweza!" Ngwali akadakia. "Na akisha kusema yote, kama atasema harudi, basi ya tatu imetoka! Mashahidi ni nyinyi!"

Shaali akashika kichwa.

Shehe akamgeukia. "Ngwali," akasema, "hakuna aliyekuomba hilo."

"Nimesema ili mjue sina mzaha."

"Tumejua. Na sasa limekwisha semwa. Siku hiyo mkeo akitamka 'sirudi', hutahitaji kufungua kinywa. Umeitundika talaka yako kwenye ulimi wake."

Wakiwa njiani Shaali akamwambia, "Bwana wee, mtu anakuuliza jina lako wewe unampa na la bibi yako! Umekwenda kuomba mlango ufunguliwe, umeacha umeung'oa."

"Nimekosea?"

"Unaniuliza mimi? Siku arubaini, sahibu. Kesho asubuhi uje kinyozini. Tuanze."

Basi wakaanza.

Ngwali alikuwa na dada mkubwa, Saumu, mjane, msusi wa mikeka. Ndiye aliyemlea mama yao alipokufa, na ndiye pekee katika mji aliyewahi kusema, "Huyu si mjeuri. Yuko hivi tangu ananyonya. Mwalimu wa chuo alimpiga miaka minne, akachoka mwalimu." Ngwali alipomweleza habari, Saumu aliweka chini ukili aliokuwa akiusuka, akachomoa ukindu mmoja uliokuwa umeloweshwa, akampa.

"Tatizo lako si kwamba huna maneno," akamwambia. "Una mengi, na unaogopa yatakukimbia. Basi usiyaseme, yafunge. Mtu anasema, nawe neno limekujia, funga fundo moja. Neno lipo kwenye fundo, haliendi popote. Akili yako irudi kwa mwenzako. Zamu yako ikifika, shika fundo la kwanza, sema. La pili, sema. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Nani alikufundisha haya?"

"Kufiwa. Nilipokaa eda ya marehemu sikujua siku wala saa. Wakubwa wakanipa ukindu, nikafunga siku zangu zote humu. Ukindu ulinishikia kichwa. Sasa nisikilize na hili: mbele ya Mwanakheri ukindu huu uweke mfukoni. Fungia humo humo, kwa vidole. Sisi wanawake tukiona..."

Dari ya Saumu ilikuwa na nyigu. Wakati huo nyigu mmoja alikuwa akiingia tunduni, na mwingine akitoka, na Ngwali alikuwa akijiuliza wanapishanaje ndani ambamo hamna nafasi. Dada alisema maneno kama kumi hivi.

"Naam," akasema Ngwali.

Saumu akaokota ukili wake, akaendelea kusuka.

Kwa Shaali mambo yalikuwa mengine. Shaali alimketisha kwenye kigoda karibu na mteja, kila asubuhi, akawaambia wateja wote, "Huyu mnamjua. Yuko chuoni. Semeni mnavyosema siku zote, naye atawarudishia maneno yenu kama mlivyoyaleta. Asipoweza, nitamkata sikio, maana halitumii."

Kanuni ya Shaali ilikuwa na maneno matatu: sikiliza, rudisha, uliza. "Mwache amalize. Kisha mwambie, 'Nimesikia umesema hivi na hivi. Ndivyo?' Akisema ndivyo, ndipo useme lako. Na mtazame usoni, usimtazame mbuzi. Nami nitakuwa upande wako. Ukianza kupanda juu ya maneno ya mtu, nitakubonyeza goti. Nikikubonyeza, nyamaza. Usiniulize kwa nini, nyamaza tu."

Siku ya kwanza alibonyezwa mpaka goti likauma. Siku ya pili alimkatiza muuza nazi mara nane, muuza nazi akaondoka amenyolewa upande mmoja kwa hasira. Siku ya tano Ngwali alitaka kuacha.

"Kichwa changu hakifundishiki, Shaali."

"Patasi ulijifunza kwa siku ngapi?"

"Miaka miwili."

"Na ulijikata vidole vingapi?"

Akarudi kwenye kigoda.

Yeye mwenyewe aligundua jambo ambalo hakufundishwa. Aligundua kwamba akiwaambia watu mapema, inakuwa rahisi. Alikuwa akisema, "Jamani, mimi akili yangu hutoka. Mkiniona natazama pembeni niiteni jina. Sijawadharau." Watu wakamwita. Wengine walikuwa wakimwita Ngwali, wameliacha lile jina la mzaha bila kukubaliana.

Siku ya thelathini alikuja mzee mmoja mchimba chumvi kunyolewa. Akasimulia habari ya mguu wake, jinsi maji ya chumvi yalivyoula, na jinsi wanawe wanavyomwambia ni uzee. Alisimulia kwa muda mrefu, akirudia hapa na pale. Ngwali alifunga mafundo manne. Mzee alipomaliza, Ngwali akasema, "Nimesikia umesema mguu unauma tangu mwaka wa mafuriko, na kinachokuuma zaidi si mguu, ni wanao kutokukuamini. Ndivyo?"

Mzee akakaa na povu kichwani. "Ndivyo," akasema. Kisha akasema tena, "Ndivyo." Akafuta macho kwa shuka ya kinyozi.

Yale mafundo manne Ngwali hakuyasema. Aliyafungua njiani, akaona hayakuwa na maana kubwa. Siku ile alifika nyumbani akafagia nyumba nzima, kwa sababu aliamini mkewe atarudi.

Ijumaa ikafika.

Waliketi sebuleni kwa Mzee Bwanaheri. Wazee watano upande huu, Ngwali na Shaali upande ule, goti kwa goti. Saumu alikaa na wanawake ndani. Mwanakheri alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha ndani, pazia limefungwa pembeni, ili aonane na mumewe uso kwa uso. Mzee Bwanaheri akarudia sharti. Asimkatize hata mara moja. Anayesema na amalize.

Mwanakheri akaanza.

"Sitasema mengi," akasema, na akasema mengi, maana yalikuwa ya miaka kumi na moja. "Siku aliyokufa mama yangu, nilitoka kwake nikaja moja kwa moja kwako karakana. Nikawa nakuambia alivyoniita jina mara ya mwisho. Sijafika hapo alipoita, ukaniambia bawaba za mlango wa Mhindi zimepinda. Bawaba, Ngwali. Mpaka leo sijamwambia mtu yeyote mama aliniitaje, kwa sababu uliyekuwa wa kwanza kuambiwa ni wewe."

Neno likamjia Ngwali. Lilikuja kwa nguvu kama yalivyokuja yote ya nyuma. Alitaka kusema kwamba siku ile alipomwona analia alishikwa na hofu, na bawaba ndicho kitu pekee alichokuwa anakijua. Mkono ukaenda mfukoni, ukatoka na ukindu. Akafunga fundo moja. Akamtazama mkewe usoni.

Shaali akatabasamu kidogo kwa upande.

"Nilipokuwa na mimba," Mwanakheri akasema, "nilikuambia asubuhi, ukasema 'mh', ukatoka. Siku ya tatu ukaniuliza mbona natapika. Ilipotoka, nilikuambia mara mbili pia. Mara ya kwanza hukuwapo, ingawa ulikuwa umekaa mbele yangu."

Ngwali akafunga fundo la pili. Hilo lilikuwa na neno kwamba mara ile ya pili alisikia, na alikwenda kulia kwenye banda la mbao, na hakurudi kumwambia.

Mwanakheri akashusha pumzi. Sauti yake ilikuwa imelainika. Shehe alilisema jambo hili baadaye, kwamba wote waliisikia ikilainika. "Na leo," akasema, "nakuona umekaa. Sijapata kukuona umekaa hivi. Nilijiambia, nikimwona amekaa mpaka mwisho..."

Ngwali akafunga fundo la tatu. Ndani ya fundo hilo mlikuwa na neno moja tu, nisamehe.

Mwanakheri akanyamaza. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mkono wa mumewe.

Sasa katika mji ule, mwanamke akiachwa, wakubwa wa kike humpa ukindu ulioloweshwa. Kabla ya kuanza kuhesabu siku, hufungwa kwanza mafundo matatu, ya ile miezi mitatu ya eda ya talaka. Hilo lilikuwa jambo la chumbani. Wanaume hawakulijua, hata waume. Wanawake wote walilijua.

"Anafunga nini huyo?" Mwanakheri akauliza.

Aliiuliza nyumba nzima. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyejibu, maana hakuna aliyejua swali ni la nani.

Ngwali akafungua kinywa. Shaali akambonyeza goti.

"Matatu," akasema Mwanakheri. "Nimeyahesabu. Mimi nasema, yeye ananifungia eda yangu. Mbele ya baba yangu! Kumbe ndiyo maana umetulia, Ngwali. Umetulia kwa sababu umekwisha amua. Umekuja na hesabu yako tayari, na ukindu ni wa dada yako, ninaujua ukindu wake."

Ngwali akaelewa nusu. Alielewa kwamba ukindu umekosa, ijapokuwa hakujua umekosa nini. Neno alikuwa nalo kinywani: *haya ni maneno yangu, si eda.* Akainua kichwa, midomo ikafunguka mara ya pili.

Shaali aliona midomo ile. Aliwaza, siku arubaini, na huyu anataka kuziharibu kwenye mlango wa mwisho. Akabonyeza kwa nguvu zake zote.

Ngwali akafunga mdomo. Aliambiwa usiulize kwa nini, nyamaza tu. Aliambiwa anayesema na amalize. Akafanya alivyofundishwa, na alifanya vizuri kuliko siku yoyote.

Mwanakheri alingoja. Wote walishuhudia baadaye kwamba alingoja. Alimtazama mumewe kwa muda wa mtu kunywa maji, akitaka kuona kama atasema kitu. Mumewe alimtazama usoni, ametulia.

"Basi," akasema Mwanakheri. "Sirudi."

Ndani Saumu alisikika akipiga ukelele, akitoka mbio, amechelewa.

Shehe akasema, "Imetoka."

Kisha ilikuwa zamu ya Ngwali. Akasema, "Nimesikia umesema siku mama alipokufa ulikuja kwangu kwanza, nikakwambia habari ya bawaba. Nimesikia umesema mimba uliniambia mara mbili, na ilipotoka mara mbili. Nimesikia umesema hujapata kuniona nimekaa hivi. Nimesikia umesema sirudi. Ndivyo?"

Hakuacha neno. Wazee walitikisa vichwa.

"Ndivyo," akasema Mwanakheri.

Ngwali akashika fundo la kwanza, akasema lililokuwamo. Akashika la pili, akasema. Akashika la tatu, akasema neno lake moja. Ukindu ukabaki wazi juu ya goti.

Mwanakheri akatazama ukindu. Akamtazama Saumu aliyesimama mlangoni ameziba mdomo. Akaelewa kwamba mafundo yale yalikuwa maneno.

"Ungenikatiza," akasema. "Miaka kumi na moja umenikatiza kila neno, Ngwali. Leo tu. Leo ndiyo siku niliyokutaka unikatize."

Wakamuuliza shehe kama pana njia. Shehe alitafuta kwa nia njema, siku mbili, na hakupata. Neno lilitundikwa kwa hiari ya mume, mke akalitamka kwa hiari yake, mashahidi wote wapo. Wawili wale walikuwa wanatakana, na walikuwa haramu.

Habari ingeishia hapo, ila mji ule ulikuwa na desturi yake. Mke akiachwa, kasha lake la arusi halibebwi na hamali. Hubebwa begani na yule aliyeivunja nyumba, asubuhi jua likiwa juu, kupitia njia ya sokoni, mpaka kwa wazazi wake. Akiwa mume ndiye mkosa, hulibeba mume. Akiwa ni mke, hulibeba mke. Akiwa ni mtu wa nje aliyeingia kati, hulibeba huyo. Watu hutoka milangoni kutazama, na aliyelibeba hukumbukwa hivyo mpaka anazikwa. Kwa hiyo wazee hukaa kwanza, wakataja jina.

Wakakaa.

Saumu alisimama wa kwanza. "Mnanitazama mimi kwa kuwa ukindu ni wangu. Ni wangu. Lakini nilimwambia auweke mfukoni. Nilimwambia na sababu. Nimempa dawa na nimempa na onyo lake."

"Ulipomwambia, alikuwa anatazama nini?" Shaali akamuuliza.

"Sikuona."

"Huyu umemlea wewe, bibi. Mji mzima unajua huyu haambiwi jambo mara moja. Wewe ndiye uliyetuambia! Ulimtaka arudie?"

"Alisema naam," akasema Saumu.

"Hata kuku wangu akiniona husema naam."

"Na wewe?" Saumu akamgeukia. "Nimeambiwa kijana alitaka kusema. Mara mbili! Kinywa kiko wazi, neno liko kwenye ulimi. Nani alilirudisha tumboni? Ulikuwa umekaa pale, macho unayo, unamwona mwanamke anabadilika uso. Au kinyozi hutazama nywele tu?"

Shaali akasema, "Nilifanya nilichoombwa. Niliombwa nimzuie asikatize, nikamzuia. Sharti la nyumba lilikuwa hivyo hivyo, na aliyeliweka yumo humu, simtaji." Mzee Bwanaheri akatazama mkeka. "Mambo ya ukindu wenu ni ya chumbani, mimi ningeyajuaje? Nimekaa na mtu huyu siku arubaini bila ujira. Nimempa masikio. Kama kumpa mtu masikio ni kuvunja nyumba, basi nileteeni kasha."

"Hulibebi," akasema Saumu.

"Nimesema kama."

Ikawa zamu ya Mwanakheri. Alisema kutoka ndani, pazia limeshushwa, kwa sababu Ngwali sasa si mumewe. "Nami mnaniweka humo? Nilipewa zamu yangu nikaisema. Nilichokiona nilikiona. Matatu ni matatu. Na niliuliza. Nilisema, 'Anafunga nini huyo?' Nani alinijibu?"

Shehe akamwambia kwa upole, "Uliuliza nyumba, mwanangu. Hukumuuliza yeye."

"Miaka kumi na moja nilimuuliza yeye," akasema Mwanakheri. "Nilikuwa nimezoea kwamba hajibu."

Wazee wakamwita Ngwali. Alisimama, mikono mitupu. Mmoja wao akamwambia, "Sema lako."

Ngwali akasema, "Nimesikia dada yangu amesema alinionya, na hakuhakikisha kama onyo limefika. Ndivyo?"

"Ndivyo," akasema Saumu, akilia.

"Nimesikia Shaali amesema alinizuia kwa kuwa ndivyo tulivyoagana, na hakujua. Ndivyo?"

"Ndivyo, sahibu."

"Nimesikia aliyekuwa mke wangu amesema aliuliza, akangoja, akaona kimya. Ndivyo?"

"Ndivyo," likasema pazia.

"Langu ni hili. Talaka niliitundika mimi, hakuna aliyenituma. Dada alipokuwa ananionya, nilikuwa natazama nyigu. Na siku ile neno nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza, kwa sababu nilitaka kwa mara moja tu muone kwamba naweza. Niliogopa kurudi kuwa yule mnayemcheka. Ninyi ndio mlionipa jina lile. Sikatai kubeba. Lakini nikilibeba peke yangu, mtasema barazani, 'Hodi-Kwaheri kaharibu tena,' mtacheka, na hiyo haitakuwa kweli yote. Ndivyo?"

Hakuna aliyesema ndivyo, wala aliyesema sivyo.

Mzee mmoja akataka jina la Saumu litajwe, mwingine akataka la Shaali. Wa tatu akasema mke aliyetamka neno ndiye aliyelifungua, na Mzee Bwanaheri akamwambia akome. Wa nne akasema ni mume, siku zote ni mume. Shehe akasema angetaja jina, lakini kila jina alilolishika lilikuwa na mkono wa mwingine juu yake. Jua likapita utosini. Desturi haikubali kasha litoke baada ya hapo, wakaahirisha hadi kesho, na kesho ikawa hivyo hivyo.

Nami nimewapa maneno ya kila mmoja wao kama yalivyosemwa, sikupunguza. Mwanakheri yuko kwa baba yake, anafunga eda yake kwa ukindu, na mafundo matatu ya mwanzo alifungiwa na wakubwa. Ngwali yuko karakana, akisemeshwa anasikiliza mpaka mwisho. Kasha liko katikati ya nyumba ya Ngwali, na kesho asubuhi lazima mtu alipitishe sokoni. Wazee wameshindwa. Sasa ninyi mlioketi hapa, mliosikia bila kukatiza, hebu tajeni jina: dada aliyeonya mara moja, rafiki aliyebonyeza goti, mke aliyengoja akachoka, mkwe aliyeweka sharti, au mume aliyenyamaza siku aliyotakiwa aseme. Je, nani alistahili kulibeba?